Sinia Juu ya Mchoro Mwekundu

Sogezeni viti karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie jikoni, maana hapa pana kazi. Wewe mkubwa, mkunga wangu, acha kunishikashika mkono kutafuta mapigo; yapo, nayasikia mwenyewe, na yakikoma utajua kwa kimya changu, kwani tangu mnijue sijawahi kunyamaza bure. Dereva, zima simu. Na wewe kitinda mimba, karani wa Baraza, shika kalamu. Leo ni Jumatano, jua limeshafika kwenye kabati, maana yake ni saa tatu na ushei, na ajenda ya kikao cha kesho cha Baraza la Jiji inafungwa saa sita mchana. Kwa hiyo nitakufa kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, na msinikatize.

Nyumba haiuzwi. Hati ina majina manne, langu na yenu matatu, tangu baba yenu alipotutoka, nanyi hamjawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mlango, kwa hiyo upande huo nina amani. Chumba changu achukue mkunga, anarudi asubuhi kutoka wodini na anahitaji mlango unaofungika. Kitanda hiki kichomeni au mpeni mtu msiyempenda. Shangazi yenu alichukua sufuria langu kubwa siku ya arusi ya dereva, na arusi yenyewe imeshazaa watoto watatu. Nimemsamehe, mwambieni hivyo, mwambieni nimemsamehe kwa moyo mweupe, kisha mrudi na sufuria.

Sasa tufike kwenye lile linalowafanya mkae wima. Kile kipande cha ardhi kati ya ukuta wetu na barabara, pale mafundi wa barabara walipokuwa wakimwaga kokoto, kesho Baraza linaamua limpe nani. Walioomba ni wawili tu, sisi na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na ombi letu liko juu ya lake kwa sababu kipande kinagusa ukuta wetu, na kwa sababu mimi nilipika chai ya Baraza hilo miaka thelathini na mmoja na bado wako madiwani wanaoniita mama. Najua mmeshakigawana. Mkunga ameshapanga duka la dawa, dereva duka la matairi, kitinda mimba duka la kutoa nakala, na Jumapili mlidhani nimelala mkagombania nani apate chumba cha pembeni mpaka mkunga akamwita dereva kichwa cha tangi. Sikulala. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, ndiyo maana mkaniletea dawa ya mbavu.

Kipande hicho hatukichukui. Chini ya mto huu kuna barua ya kuliondoa ombi letu, nimeiandika mwenyewe kwa mkono huu unaotetemeka kama cherehani, na kwa kuwa tuliomba kwa majina manne, inataka sahihi nne. Yangu ipo. Kabla hamjafungua midomo, sikilizeni kwanza kwa nini.

Mwaka ule barabara ilipokuwa inatafuta pa kupita, wewe kitinda mimba ulikuwa mgongoni. Mhandisi alileta michoro miwili, akaitandaza kwenye ile meza ndefu ya ukumbi wa mikutano, akabana pembe zake kwa visahani vya majivu ya sigara. Mchoro wenye mstari wa buluu ulipita upande wa fundi. Mchoro wenye mstari mwekundu ulipita upande wetu, jikoni, sebuleni, na kwenye chumba mlichokuwa mkilala. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu zilinishinda, lakini ramani nilizijua, mwalimu wetu alituchoresha ramani mpaka tukaziota. Nilipoingia kufuta meza nikaiona nyumba yangu pale, kijisanduku chenye mstari mwekundu katikati ya tumbo.

Nikatoka nikasimama nyuma ya kile kidirisha cha kupitishia vikombe. Diwani Miwani, ambaye peke yake alikuwa anasoma karatasi, alikuwa anasema, "Jamani, twendeni tukaone kwa miguu, tusiamue watu kwa penseli." Mwenyekiti akasema jua kali. Mhandisi akasema mchoro mwekundu ndio ulionyooka zaidi. Nikaona vichwa vinaanza kukubali.

Chai ilikuwa ya saa nne. Niliipeleka saa tatu na dakika arobaini. Nilibeba sinia kubwa, birika limejaa mpaka shingoni, vikombe kumi na vinne, mkate na sukari, nikaingia bila kubisha na nikaliweka lote juu ya mchoro mwekundu. Msije mkasema mama aliteleza. Sikuteleza. Meza ilikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Hakuna aliyelinyanyua. Wanaume kumi na mmoja na wanawake wawili, wenye kura za mitaa yote, hakuna aliyekubali kuungua vidole kwa ajili ya mchoro. Diwani Miwani aliinama auone, mvuke ukamziba miwani, akaivua aifute kwa shati. Mwenyekiti akasema, "Basi tupitishe huu tunaouona, chai isipoe." Mikono ikapanda juu. Miwani alipoivaa tena, jambo limeshakwisha, na kwenye kumbukumbu za kikao wameandika kwamba wote waliafiki.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi nilicheka, nilirudi nyumbani nacheka njia nzima. Nilikuja kuacha siku tingatinga lilipomeza chumba cha mbele cha fundi, alichokuwa akikatia vitambaa. Cherehani akaiingiza chumbani, kati ya kitanda na ukuta, na iko hapo mpaka leo; mkewe, marehemu yule, alilala na mlio wake masikioni mpaka alipolala moja kwa moja. Na jioni ya siku ile ya tingatinga mnajua fundi alifanya nini? Alivuka ile njia ya vumbi, akasimama mlangoni hapo, akaniambia, "Pole, dada, na vumbi. Naona limewaingilia watoto." Mimi ndiye nilipewa pole. Nikaipokea. Nikamkaribisha kiti.

Sare zenu zote za shule zimeshonwa na mtu yule. Wewe dereva, ile suruali uliyoipasua mara tatu kwenye uzio wa shule, aliishona mara tatu na hakuniambia, mpaka ukajisema mwenyewe. Aliniita dada miaka yote hii, nami nikaitika.

Wiki iliyopita alikuja. Mlikuwa kazini. Kakaa pale alipo kitinda mimba, kofia magotini, akasema amesikia na sisi tumekiomba kile kipande, na kwamba yeye alitaka kuweka kibanda cha kushonea apate kulala kama binadamu, lakini hatashindana na dada yake. Akasema Jumatano kabla ya saa sita, yaani leo, atakwenda kuliondoa ombi lake. Mimi nikafungua mdomo, nikafunga. Mimi! Mdomo huu uliomfukuza mkaguzi wa maji na ngazi yake. Ndipo nilipojua kwamba sasa nimezidi, na kwamba nikifa hivi nitakufa kama mwizi aliyepewa zawadi.

Kwa hiyo akiondoa kabla yetu, Baraza litapitisha jina letu bila kukohoa. Tukitangulia sisi, limebaki lake peke yake. Haya, kalamu. Mkunga, hapo, chini ya jina langu. Vizuri, daima ulikuwa na mwandiko wa kuogopesha wagonjwa. Karani, wewe. Usipambe, ni sahihi si ua.

Dereva, bado wewe.

Unauliza kwa nini nisingekaa kimya tu, mtu mwenyewe hajui. Swali zuri, na umeliuliza ukiwa umetazama chini, kwa hiyo jibu unalo. Nikikaa kimya, kesho kutwa fundi atavuka barabara kuja kuwapongezeni. Atawapa mkono. Atakupimia wewe pazia la duka la matairi na atakataa ujira, unamjua. Utampa mkono gani? Mimi nimempa huu miaka yote na mnaona ulivyo.

Andika. Siyo kwa hasira, utatoboa karatasi. Haya. Ahsante, mwanangu. Kichwa cha tangi, lakini tangi limejaa.

Sasa mpeleke mdogo wako na hilo lori lako, mkaifikishe barua masjala kabla ya saa sita, na wewe karani udai mhuri wa kupokelewa, usikubali "iache hapo mezani". Kesho nendeni kikaoni nyote, kaeni mbele. Mkiona madiwani wanapitisha jambo haraka, simameni muulize wanapitisha karatasi ipi. Waulizeni hata kama mnajua. Mtachukiwa kidogo, mtazoea.

Mkinizika, hotuba iwe moja, fupi, na diwani asiseme. Watu wale nimewasikiliza vya kutosha. Viatu vyangu vipya mpeni... mpeni yeyote mwenye mguu mdogo. Ngojeni. Maji. Hapana, kidogo tu.

Mungu awape... ah, mnajua atawapa nini, nimemwambia muda mrefu. Awape usingizi. Awape wenza wanaojibu. Mkigombana, gombaneni mezani, mkiwa mnakula, msigombane kwa barua. Nimeridhika nanyi, wote watatu. Semeni mmesikia, maana sitarudia.

Nendeni basi, lori linanguruma hilo. Mkunga, wewe baki. Nenda dirishani umwite fundi. Mwambie asiende popote leo, aje kwangu kwanza. Nikiishiwa nguvu katikati, utamalizia wewe, na uanzie kwenye sinia, usianzie kwenye machozi yangu, sijalia. Na akiinuka akatoka bila kusema kitu, mwache atoke. Ni haki yake.

Amesikia? Anakuja? Fungua mlango wote, goti lake halikunjiki.

Inua... inua mto.

Karibu, kaka. Pita. Kaa hapa karibu, sauti imebaki ndogo. Nina maneno marefu kuliko pumzi yangu, kwa hiyo usinikatize.