Bi Attracta Heffernan na Chai ya Mara ya Tatu

Leo ni Jumapili, tarehe 29 Septemba. Mimi, Mbwana, nilitoka kwetu Muheza miaka kumi na moja iliyopita, na Bi Attracta Heffernan aliingia Kampuni ya Mabasi ya Brannigan miaka ishirini na minane iliyopita. Kesho anastaafu rasmi. Safari yake ya mwisho ilikuwa jana, na dereva nilikuwa mimi. Ndiyo maana ofisi imeniambia niandike wasifu wake kwa lugha ninayoiweza, wao watatafuta wa kuutafsiri kabla ya sherehe. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo anayetaka maneno ya hotuba ayangoje kwa Bwana Fintan, meneja wetu. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa kwenye usukani.

Bi Attracta ni mzaliwa wa Oldcastle, binti wa mwenye bucha. Alianza hapa kwa kufagia mabasi. Asubuhi moja mwongoza watalii aliamka hana sauti, na wageni wameshakaa kwenye viti. Mzee Brannigan akatazama uani, akamwona binti wa bucha anabishana na dereva huku ameshika fagio.

"Attracta," akamwambia, "mdomo unao. Panda."

Akapanda, na fagio lake mkononi. Wanasema siku hiyo alieleza habari za wafalme wote wa Tara bila kumjua hata mmoja, na wageni walipiga makofi. Usiku akaenda kuazima vitabu ili kesho yake aseme kweli.

Safari yetu ni ya siku moja. Asubuhi tunawachukua wageni Dublin, tunapanda kilima cha Tara walikotawazwa wafalme wa kale, kisha Monasterboice kwenye misalaba mirefu ya mawe iliyochongwa zama za watawa. Chakula cha mchana tunakula Kells. Mwisho tunafika Kilbrone, kanisa dogo lisilo na paa, katikati ya shamba la ng'ombe. Njia ni hiyohiyo, mvua ni hiyohiyo, na mizaha ni ileile.

Tara ndipo palipomchosha kuliko pote, maana Tara ni majani. Watu wanavuka bahari kuja kuona makao ya wafalme, wanakuta mitaro, vilima na kondoo.

"Jumba liko wapi?" mgeni huuliza, kila siku.

"Umechelewa, bwana," Bi Attracta hujibu. "Kama miaka elfu na ushee hivi."

Juu ya kilima lipo jiwe lililosimama, na wenyeji wanasimulia kwamba lilikuwa likipiga kelele likiguswa na mfalme wa haki. Kila mgeni lazima aliguse. Bi Attracta naye hulipiga kofi akipita, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake. "Mimi nimeligusa maelfu ya mara na limenyamaza," huwaambia. "Ndiyo maana mpaka leo nafanya kazi."

Wanacheka. Mimi nimeusikia mzaha huo misimu tisa, na jana nilijikuta nacheka tena, sijui kwa nini.

Alikuwa na moyo, ila hakupenda kuonekana anao. Mwaka mmoja alikuja Mmarekani anatafuta kaburi la babu wa babu yake pale Monasterboice. Alipiga magoti akalia sana, lakini kwenye kaburi la jirani. Mimi nilikwenda kumwonyesha kosa lake, Bi Attracta akanivuta koti.

"Mwache, Mbwana. Wa hapo hajaliliwa siku nyingi."

Nisiseme uongo, alikuwa amechoka. Kazi hii inamla mtu polepole. Maneno yaleyale kila siku, kipaza sauti mdomoni, na viatu vyenye maji. Mwaka huu magoti yalimshinda kabisa, akawa anateremka basi kinyumenyume kama mtu anayeshuka mnazi. Baada ya Kells, wageni wakilala, alikuwa anazima kipaza sauti na kuegemea dirisha.

"Mbwana, nikifa wasinizike penye historia."

"Kwa nini, mama?"

"Watu watakuja juu yangu na miavuli."

Sasa nieleze la Kilbrone, maana hilo ndilo lililotaka kutuvunjia safari.

Ndani ya kanisa lile yumo bwana wa zamani na mkewe, wamechongwa kwenye jiwe wamelala bega kwa bega. Picha yao ndiyo iliyoko kwenye matangazo yetu. Kanisa ni la serikali, lakini ufunguo unakaa nyumba ya jirani, kama ilivyo desturi ya huku, na jirani ni Packie Tuite. Alikuwa akiishi na dada yake, Concepta. Mmoja hakuoa na mwingine hakuolewa, wamezeekea jikoni mle walimozaliwa.

Ufunguo ule hauombwi. Unaingia jikoni, unalaumu mvua. Packie anakuuliza kama utakunywa chai. Unakataa. Anakuuliza tena, unakataa tena, maana kwao mwenye kukubali upesi ni mlafi. Mara ya tatu alikuwa anauliza Concepta, ametupa mgongo, anashughulika na jiko, na yake haikuwa swali. "Kaeni chini, maji yameshachemka." Hapo ndipo unakaa. Ukimaliza kikombe unakuta ufunguo uko mezani, na hakuna aliyeutaja. Wageni muda huo wanatembea njiani wakipiga picha ng'ombe. Kwenye ratiba ya ofisi Kilbrone ina dakika tano za ufunguo. Bi Attracta hakuwahi kuzifuata. Tulichelewa kurudi Dublin kila siku, na kila siku yeye alikuwa anasingizia matrekta.

Mwezi wa tatu Concepta alifariki. Tuliporudi na msimu wa watalii, Bi Attracta akaingia jikoni huku anaongea, akachukua birika, akaweka maji mwenyewe. Akafanya hivyo kila safari. Mimi nilidhani ni mazoea tu ya watu waliojuana siku nyingi.

Mwezi wa nane alikwenda hospitali kwa ajili ya goti, na safari akaishika Sorcha Gilsenan, mama wa makamo aliyeletwa kuchukua nafasi yake. Sorcha ni mtu wa Navan, mchapakazi, amelelewa vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha. Tuliingia kwa Packie, mimi na yeye.

"Utakunywa chai, binti?"

"Ah, usijisumbue, mzee."

"Si usumbufu."

"Hapana, kweli. Tumetoka kula Kells sasa hivi."

"Haya," Packie akasema.

Pakawa kimya. Sorcha alisimama akitabasamu, anangoja kuulizwa mara ya tatu, kama alivyofundishwa na mama yake. Packie naye alikuwa anatazama jiko, kama anayengoja kusikia kitu. Kwetu Muheza mgeni haulizwi chai, anawekewa tu mbele, kwa hiyo mimi sikujua la kufanya nikatazama viatu vyangu. Nje wageni walianza kugonga kioo cha basi. Mwisho Sorcha hakuweza tena.

"Basi ni ule ufunguo tu, mzee."

"Ufunguo tu," Packie akasema. Uso wake ukafunga. "Ufunguo sijui uko wapi."

Ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya kichwa chake. Tukatoka. Siku hiyo watu walimwangalia yule bwana na mkewe kupitia nondo za geti, wakalowa, na mmoja akasema ameona soksi tu za jiwe.

Siku mbili baadaye Packie alipiga simu ofisini, akasema Attracta akistaafu na yeye anaurudisha ufunguo serikalini, wautafutie nyumba nyingine. Nyumba nyingine karibu na pale haipo. Bwana Fintan alituita.

"Bila Kilbrone, safari hiyo ni majani na mvua," akasema. "Sitaweza kuiuza. Naifuta mwisho wa mwezi wa tisa."

Maana yake Sorcha angekosa kazi ambayo kwa ajili yake aliacha nyingine, na mimi ningerudi kuosha mabasi usiku, kama nilivyoanza. Mgongo wangu si ule wa miaka ile.

Bi Attracta aliporudi kutoka hospitali tulimweleza yote. Hakumlaumu mtu. Alimuuliza Sorcha jambo moja.

"Ulikataa mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Basi kosa langu nini?"

"Huna kosa. Na yule naye hana."

Wiki zilizobaki alikuwa akiingia kwa Packie peke yake na kutoka na ufunguo. Packie hakuzungumzia habari ya kuurudisha, wala hakuifuta. Nilimwambia Bi Attracta amsihi. Akasema, "Huyo hasihiwi, Mbwana. Huyo ni Tuite. Ukimsihi atakupa ng'ombe, ufunguo hakupi."

Jana ndiyo ilikuwa siku. Tulifika Kilbrone saa tisa. Bi Attracta akateremka kwa shida, akamshika Sorcha mkono, nasi watatu tukaingia jikoni. Nilingoja aliendee birika kama kawaida yake. Hakuliendea. Alisimama mlangoni, ameshika fremu, akamsukuma Sorcha kidogo mbele.

Packie aliuliza chai. Sorcha akakataa. Packie akauliza tena. Sorcha akakataa tena. Halafu kikaja kimya kilekile cha mwezi wa nane.

Packie akamtazama Bi Attracta, akalitazama birika.

"Huweki maji, Attracta?"

"Nimeacha kazi."

"Bado. Mpaka Jumatatu."

"Magoti yameacha leo."

Packie akasogeza kiti kilichokuwa hakina haja ya kusogezwa. Hapo Bi Attracta akasema, bila kupandisha sauti:

"Aliyekuwa anauliza mara ya tatu ni Concepta. Concepta hayupo, Packie. Uliza wewe."

Tangu mazishi sikuwahi kulisikia jina hilo likitajwa mle jikoni. Packie alivua kofia kama yuko kanisani, akaivaa tena.

"Sijui alivyokuwa anasema."

"Unajua. Umemsikia maisha yako yote."

 Mimi nilikuwa nawaza basi, nawaza usiku wa kuosha mabasi, na naona aibu kuwaza hayo mbele ya mtu aliyefiwa. Kisha Packie akageuka, akatupa mgongo, akalikabili jiko kama alivyokuwa akisimama dada yake.

"Kaeni chini," akasema. Akakohoa. "Maji..." Akalinyanyua birika, likawa jepesi, tupu. "Maji ndiyo nayaweka sasa."

Sorcha akakaa. Mimi nikakaa. Tulingoja mpaka yakachemka. Chai yenyewe ilikuwa kali kama dawa ya minyoo, maana mtu yule hajawahi kupika chai tangu azaliwe. Sorcha aliinywa mpaka chini. Packie akautoa ufunguo msumarini, akauweka mezani, karibu na kikombe cha Sorcha.

"Lile geti linakwama upande wa chini," akamwambia. "Siku za mvua lipige teke."

Ndipo akamgeukia Bi Attracta, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe hunywi?"

"Sitaki, Packie."

"Kweli?"

"Kweli."

Akafungua mdomo kuuliza mara ya tatu. Bi Attracta akamtazama. Packie akafunga mdomo.

"Haya," akasema.

Bi Attracta akarudi kwenye basi peke yake, polepole. Sorcha alipowarudisha wageni kutoka kanisani alimkuta amelala na viatu amevua. Hatukumwamsha. Kutoka Kilbrone mpaka Dublin kipaza sauti alikishika Sorcha, na aliposingizia matrekta kwa kuchelewa kwetu, wageni walimwamini. Bwana Fintan aliambiwa habari ya ufunguo jana hiyohiyo jioni. Alisema safari inabaki, kisha akauliza kwa nini tumechelewa.

Kwa niaba ya madereva, wafagiaji, na wewe Sorcha ukiniruhusu, nakushukuru Bi Attracta kwa miaka yote hiyo ya kusema maneno yaleyale kwa watu wapya kana kwamba ndiyo kwanza umeyajua. Nakushukuru kwa kunifundisha njia, na kwa kunyamaza nilipokosea njia. Tunakuombea magoti yenye amani, viatu vikavu, na asubuhi zisizo na basi. Chai ya watu umekunywa ya kutosha. Popote utakapokaribishwa toka sasa, ukisema hutaki, waelewe mara ya kwanza.

Mimi kwetu natarajia kurudi mwezi wa kwanza, mabasi yakilala. Kilbrone narudi keshokutwa, Jumanne, saa tisa mchana, na Sorcha.