Mashine Iliyogoma Kunywa Maji

Asubuhi ile benchi la pembeni mwa karakana lilikuwa na mgeni: mashine ya kufyonza vumbi na maji, yenye tumbo kubwa, mrija mrefu na magurudumu madogo, imekaa katikati ya wanaume kama mtu anayesubiri kikombe chake cha kahawa. Mwenyewe, Seremala, alikuwa ameshika tama. Nyumbani kwake, nyuma tu ya karakana, pipa la maji lilikuwa limepasuka, sebule imegeuka bwawa, na mama mkwe alikuwa njiani. Mkewe hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba mashine ikishindwa leo, irudi dukani ilikotoka.

Na Seremala alikuwa ameipenda kufa. Jana yake ilimeza maranda na vumbi la mbao la karakana nzima. Ilisafisha viti vya teksi ya Dereva mpaka Dereva akaona haya kuvikalia. Ilipogeuzwa mrija ikapuliza, mkaa wa Muuza Kahawa ulishika moto kufumba na kufumbua. Leo, mbele ya maji, ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

Dereva aliona tatizo ni mwinuko.

— Maji hayapandi mlima, fundi. Ichimbie shimo, ikae chini ya sakafu.

— Nichimbe sebule, mama mkwe yuko mlangoni?

— Mwambie unamchimbia kisima.

Muuza Kahawa, ambaye kijiwe kilimwita Profesa kwa kuwa hakuwahi kukosa jibu, alitikisa kichwa kwa huruma. Alieleza taratibu, huku akimimina, kwamba mashine iliyoanza maisha kwa vitu vikavu hukua na tabia hiyo. Izoeshwe kama mtoto anayeachishwa ziwa: leo vumbi, kesho tope, keshokutwa maji.

— Keshokutwa mimi nitakuwa nalala hapa benchini, alisema Seremala.

— Hapo sawa. Utakuwa karibu na kahawa.

Dereva akaongeza kwamba huenda imeona haya, kunywa maji mbele za watu. Walikuwa bado wanabishana kama wailetee pazia, ndipo mama mkwe alipotokea, mkoba begani. Wote wakasimama, shikamoo zikagongana. Aliwasikiliza mpaka mwisho, nadharia zote, hata ile ya pazia.

— Ndani mmeangalia?

Dereva alimtazama Seremala. Seremala alimtazama Profesa. Profesa alitazama birika.

Seremala akafungua vibanio, akainua kifuniko. Mfuko wa vumbi wa jana ulikuwa umo vilevile, maranda yamenyonya maji, yamevimba, yameziba kila mahali. Mashine ilikuwa imekabwa koo tangu alfajiri, nao wakiisomea tabia.

Wakautoa mfuko, wakaikokota mashine hadi nyumbani. Safari hii ilinguruma kwa sauti nene, na maji yakaanza kukimbia sakafuni kana kwamba yameitwa. Mama mkwe akavua viatu, akapokea mrija, na hakuurudisha. Aliyafuata maji chini ya kochi, nyuma ya kabati, kwenye kona za mlango, akicheka peke yake kama msichana.

Mkewe Seremala alitazama sakafu ikirudi, akamgeukia mumewe.

— Dukani hairudi.

Seremala akashusha pumzi, akatabasamu mpaka masikioni.

— Wala karakanani, akasema mkewe.