Nilionja Mimi Kwanza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naanza kwa kumsifu yeye, maana sifa za binadamu sinazo nyingi za kutoa. Huku kwetu Ufipa, juu kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze, wananiita Mama Felista. Shule niliishia darasa la nne. Mkiona nimekosea kuandika mnivumilie, ila yaliyonipata nayajua vizuri.

Mama Yustina, anayeongoza kikundi chetu cha maombi, aliniambia, "Andika ushuhuda wako, lakini majina ya watu acha." Nimemsikia. Majina nitayataja. Mimi waliponifunga walinitaja kwa jina langu.

Marehemu mume wangu Gaspari aliniachia vitu viwili: kiwanja kando ya barabara, na neno moja. Akiwa anaumwa alinishika mkono akasema, "Mama Felista, usije ukalala kwenye nyasi maisha yako yote. Jenga hapo." Nyumba ya matofali ya kuchoma, ya bati. Nikamwambia nitajenga. Akafa akiwa ananiamini.

Ndugu zangu, sikujenga! Kila kiangazi nilisema mwaka huu, na kila mvua zikaja zikanikuta kwenye kibanda cha nyasi, nyuma ya nyumba ya shemeji Deusi. Huyo ndiye wa kwanza kumtaja. Deusi ni mdogo wake Gaspari. Kila nikimgusia habari ya nyumba anacheka kwa upole, anasema, "Subiri shemeji. Mambo ya kujenga ni ya wanaume. Tutakujengea." Nikisubiri sana na kuuliza tena, upole unaisha. "Wewe mjane uezeke bati kabla yangu mimi mkubwa wa hapa? Radi ya huku unaijua. Haipigi hodi."

Wa pili ni wifi yangu Anastazia, dada yao. Huyu kazi yake ilikuwa kuniletea habari. Fulani alijenga akaanguka. Fulani alinunua bati, kabla hajalipandisha akapigwa na radi shambani. Wote aliowataja walikuwa wa mbali, hakuna hata mmoja niliyewahi kumwona. Ningejiuliza hilo mapema, lakini mtu mwenye hofu hajiulizi.

Wakanipeleka na kwa mganga, kule bondeni Mtowisa kwenye joto. Alichukua jogoo wangu, akanifunga uzi mweusi mkononi, akasema kuna jicho baya la jirani, nisiguse udongo wa kujengea mpaka yeye aseme. Hakusema tena. Jogoo alikuwa mzuri sana.

Basi nikawa mtu wa kushuku. Jirani akinisalimia najiuliza ametaka nini. Akinyamaza najiuliza anaficha nini. Kuku akifa, ni jirani. Asubuhi naangalia majivu ya jikoni kama kuna mtu ameyakanyaga. Nanyi mnajua desturi yetu: mwenye nyumba akikukaribisha pombe au togwa, anaonja yeye kwanza mbele yako, ujue hakuna kitu humo. Mimi nilizidisha. Hata maji ya kunywa nilimtaka mtu aonje. Watoto wakanipa jina, wakawa wananiimba nikipita, "Onja nione! Onja nione!"

Mwaka ule niliteremka Muze kuvuna mpunga kwenye mashamba ya watu. Nimerudi juu baridi imeshaanza, mzigo kichwani, nikapita kwenye kiwanja changu. Nakuta vigingi vimepigwa pande zote, kamba imezungushwa, nyasi zimefyekwa. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikasema kweli Deusi ameanza kunijengea, na mimi nilikuwa namfikiria vibaya!

Nikakimbilia kwake nimshukuru. Hakuwepo. Pembeni ya ghala lake kulikuwa na mabua ya mahindi yamelundikwa kwa namna ambayo mabua hayalundikwi. Nilishazoea kuchungulia vitu, ndugu zangu. Nikafunua.

Mabati! Mapya, yanang'aa kama jua!

Deusi akatokea nyuma yangu. Nikamuuliza, "Shemeji, haya mabati?"

"Ya mtu. Amenihifadhisha."

"Na vile vigingi kiwanjani?"

"Ah, shemeji, nawe! Nimeanza kajumba kangu kadogo. Wewe utakaa uani, kama kawaida. Si unaogopa radi?"

Nilisimama pale, mzigo wa mpunga bado kichwani. Kumbe radi inachagua! Bati la mjane inalitafuta, la Deusi inalipita! Miaka yote ile nimewachunguza majirani, nimechunguza majivu, nimechunguza maji ya kunywa. Aliyekuwa ananila sikumchunguza hata siku moja, kwa sababu alikuwa ananiita shemeji kwa upole.

Siku ile nilikwenda kwenye maombi kwa Mama Yustina si kwa imani, nilikwenda kwa hasira. Nililia mpaka sauti ikakauka. Yule mama akanichotea togwa kwenye kikombe. Nikakishika, nikamwangalia. Namngoja aonje. Akaelewa, akakichukua, akaonja, akanirudishia. Halafu akasema maneno yaliyonipasua.

"Mama Felista, umri wote huu unangoja mtu akuonjee. Maji unaonjewa. Na nyumba ya mume wako unamngoja Deusi akuonjee? Bwana amekupa mikono miwili, wewe unamwomba akuletee wa tatu."

Kikundi kizima kilicheka. Mimi sikucheka. Uzi wa mganga ulikuwa bado mkononi, umechakaa umekuwa kama uchafu tu. Nikaukata kwa meno pale pale! Haleluya! Hakuna kilichotokea. Hata kuku hakulia.

Kesho yake niling'oa vigingi vyote. Kamba niliisokota vizuri, nikampelekea Deusi mlangoni. Akasema, "Shemeji, siku hizi umeota kichwa." Nikamjibu, "Nilikuwa nacho, ila nilikiazimisha kwako."

Nikaanza. Nilichimba udongo mwenyewe kule mtoni, nikaukanyaga kwa miguu yangu, na maji ya baridi ya Ufipa mnayajua, yanauma mifupa. Nilikuwa naogopa, msidhani sikuogopa. Kila tofali nililofyatua nilisema, "Yesu, hili nalo." Mwanzo yalipasuka mengi. Nikauliza watu, nikazidisha nyasi za kuyafunika, yakashika. Mahindi na maharage yangu yote yalienda kwenye bati. Nilipokwama ilikuwa kwenye kubeba matofali na kupanga tanuru. Hiyo si kazi ya mtu mmoja.

Kwetu kazi kama hiyo unapika pombe ya ulezi, unaita watu, wanafanya kazi wanakunywa. Mimi pombe nilishaiacha. Nikapika togwa, vyungu vikubwa, nikaita kijiji.

Siku ikafika. Wakaja, lakini wakasimama barabarani. Hakuna anayevuka kuingia kiwanjani. Nikajua kuna neno limepita. Mzee mmoja fundi wa matanuru, tunamwita Baba Kashindi, akaniita pembeni: wifi yangu Anastazia alizunguka nyumba kwa nyumba akisema togwa ya mjane imetiwa dawa ya kuwafunga watu, ukinywa utamfanyia kazi mpaka ufe.

Na mwenyewe Anastazia alikuwepo palepale, kajifunga khanga, mikono kifuani, anatazama.

Niliwaona wote wananitazama kwa macho ninayoyajua. Yalikuwa macho yangu mimi. Nikawaza, leo nikiingia ndani nikalia, nyumba ya Gaspari imekufa. Nikachukua kata, nikaizamisha kwenye chungu cha kwanza, nikanywa yote mbele yao. Nikaenda cha pili, nikanywa. Cha tatu, nikanywa, tumbo likawa ngoma. Nikasema kwa sauti, "Haya! Mkiona bado nimesimama, njooni. Mkiona nimeanguka, mnizike hapa hapa kiwanjani, maana ni changu!"

Kijana mmoja akapiga kelele, "Jamani, Onja Nione leo kaonja mwenyewe!"

Kicheko kilivunja barabara ile. Baba Kashindi akavuka wa kwanza, anasema, "Nipe hiyo kata kabla hujaimaliza, mama. Mimi radi siogopi, naogopa kiu." Wakamfuata. Jua lilipopinda tanuru lilikuwa limesimama, limepakwa matope, linangoja moto. Anastazia alishaondoka. Sikumwona alivyoondoka, na hilo nalo linanisumbua kidogo.

Ndugu zangu, niliezeka kabla ya mvua! Ikaja ile mvua ya kwanza kubwa, ya mchana, mbingu nyeusi, radi zinapasuka mpaka sufuria zinatikisika. Nimekaa kitini, namwita Yesu chini ya bati langu. Mara hodi! Ni shemeji Deusi, mvua imemkuta njiani kutoka shambani, na nyumba yangu ndiyo ya karibu. Mabati yake alikuwa bado hajapata pa kuyaweka.

"Karibu shemeji," nikamwambia. "Ila humu ni bati. Huogopi?"

"Mvua ni mvua tu," akasema, anaangalia dari.

Nikamchotea togwa. Nikaonja mimi kwanza, mbele yake, vizuri kabisa, nikampa. Akakishika kile kikombe. Mvua ikanyesha, yeye amekishika. Mvua ikapungua, yeye amekishika. Ilipokata akasema ahsante, akakiweka mezani kimejaa vile vile, akatoka.

Hapo nikajua kati yetu nani bado amefungwa. Nikakaa, nikakinywa chote mimi.

Nimemsamehe? Nimemsamehe, padri aliniambia lazima. Lakini mlango nafunga kwa komeo, na kikombe cha Anastazia sijakinywa mpaka leo. Bwana anaendelea kunishughulikia hapo, mniombee.

Nawaambia ninyi mnaosoma, wewe dada unayengoja ruhusa, wewe kaka unayeambiwa subiri kila mwaka: mwangalie vizuri anayekuambia usubiri. Angalia na chini ya mabua yake! Halafu mwite Yesu, ushike udongo mwenyewe. Hakunijengea yeye kwa mikono ya malaika, alinisimamisha mimi nikajenga. Ahsante Yesu! Gaspari, nimejenga. Anayetaka kuomba nami siku zinapompa hofu, nyumba ni ile ya bati kando ya barabara. Njoo, togwa ipo. Nitaonja mimi kwanza.