Ubao Ninaoushusha Leo

Mheshimiwa mwakilishi wa wadi, Chifu Ogoti, Pasta Cleophas uliyetupa ukumbi huu wa kanisa kila Jumapili alasiri, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi akina mama kumi na wanne mnaohitimu leo, mkiwa na matumbo yenu mbele: nawasalimu nyote. Nakusalimu kwa namna ya pekee wewe, Joash, uliyeketi hapo nyuma na bintiyo mapajani. Najua ulivyosita kuja.

Wasionijua, mimi ni Emily, mkunga. Kwa miaka sita nimefundisha darasa hili la kujiandaa kujifungua bila dawa za maumivu: namna ya kuvuta pumzi uchungu unapopanda, kutembea, kuinama, kukandwa mgongo. Ni wangapi walikuja hapa wakitetemeka kwa woga, wakaingia leba wakijiamini? Ni wengi, na hilo sitalijutia. Mwili wa mwanamke unaijua kazi yake, nami nitaendelea kusema hivyo.

Kosa langu ni huo ubao mnaouona ukutani. Niliuita Ubao wa Mashujaa. Aliyejifungua bila dawa na bila kupiga kelele, jina lake liliandikwa kwa chaki nyekundu, tukampigia makofi. Mnajua tulivyolelewa huku kwetu: mwanamke akilia leba, anarudi nyumbani akakuta habari zimemtangulia. Badala ya kuwatua mzigo huo, mimi niliupamba nikautundika ukutani. "Jikazeni kisabuni," niliwaambia, mkacheka, nami nikacheka.

Nyakerario, mke wa Joash, ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa mchuma chai kule Magwagwa, na akiwaita wenzake, hata shamba la pili walimsikia. Aliniambia, "Sista, niwekee nafasi pale juu." Akajifungua saa tatu asubuhi pale zahanati yetu, mtoto mzima, mama hata hakuguna. Nilijivuna, ndugu zangu. Nilimfunika blanketi, nikatoka nje kumpigia simu katibu wa darasa aliandike jina.

Mama mkwe wake, Mama Nyabuto, alinifuata mpaka mlangoni. "Sista, omwana one anatetemeka. Mtoto wangu anatetemeka."

"Ni baridi tu, mama," nikamjibu. "Huyu mkweo ni shujaa."

Niliporudi nilimuuliza Nyakerario kama yuko sawa, naye akaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Nilipolifunua blanketi, godoro lilikuwa limelowa damu. Nilimkanda tumbo, nikamchoma sindano ya kuzuia damu, nikaita ambulensi. Alinishika mkono akauliza, "Sikupiga kelele, sivyo?" Nikamwambia, "Hukupiga." Alifia njiani, kabla hatujafika hospitali.

Mazishini watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Nilinyamaza, kwa kuwa maneno hayo yalinifaa. Leo nayasema yangu mbele ya wote: Joash, mkeo alijua kwamba hayuko sawa, akanyamaza kwa sababu mimi nilimfundisha kunyamaza. Nami sikulifunua lile blanketi mapema kwa sababu niliupenda ukimya wake. Nakuomba msamaha, wewe na Mama Nyabuto. Sidai mnijibu leo.

Mwezi uliopita Farhiya, huyu aliyeketi safu ya mbele, mwenye duka la vitambaa, aliniuliza darasani: "Mwalimu, na mimi nikisema nimeshindwa, jina langu utaliandika wapi?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi nikasingizia kikohozi. Ndiyo maana ubao unashuka leo. Jina la mwisho pale ni la Nyakerario. Katibu aliliandika kabla habari hazijamfikia, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Basi, akina mama, nendeni mkajifungue kwa kujiamini, kama tulivyojifunza. Vuteni pumzi, tembeeni, kataeni kutishwa. Lakini damu ikizidi, kichwa kikizunguka, au moyo wako ukikwambia tu kwamba kuna jambo haliko sawa, ita. Mkunga akikwambia ni baridi, ita tena. Ukihitaji dawa, itumie, na asikucheke mtu. Nanyi mama wakwe, mkirudishwa mlangoni, msirudi benchi. Ingieni.

Vyeti viko hapa mezani. Kila mmoja atachukua chake akishaniita kwa sauti ya shambani, ile ya kumwita mwenzako aliye mbali. Mkiona haya mbele ya Chifu na Mheshimiwa, hao nao watazoea.

Nawashukuru wageni wetu kwa kufika, na wewe Joash kwa kubaki kwenye kiti chako mpaka mwisho. Mmenisikiliza vya kutosha. Kusikiliza sasa ni kazi yangu. Farhiya, simama, mwanangu, anza wewe. Niite mpaka nije.