Historia ya Mama Sarah Jepchumba na Jirani Aliyefungiwa Geti

Wapendwa waombolezaji, viongozi wa kanisa, na ninyi wa ukoo mlioketi hapo mbele, haya ni maisha ya Mama Sarah Jepchumba, yanayosomwa na Dennis, kifungua mimba wake, na tunaomba mtu asiinuke kabla hayajafika mwisho.

Mama Sarah alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 huko Chepsaita, binti wa tatu wa mkulima wa mahindi, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979, kisha akaenda Nairobi kusomea kazi ya maabara, na mwaka 1985 akaajiriwa katika maabara moja ya utafiti hapa Eldoret, alikofanya kazi miaka thelathini na sita. Alifunga ndoa na marehemu Mzee Kipchumba tarehe 9 Desemba 1987, wakajenga Kapsoya, wakajaliwa Dennis, Mercy na Chebet.

Kazi iliyompa heshima ilikuja mwaka 2014, alipokabidhiwa kingamwili, yaani dawa ya maabara ya kutafuta protini inayojikusanya ndani ya ubongo wa mtu anayepoteza kumbukumbu, ambayo ikiipata huishika, na kipande cha ubongo kilicho juu ya kioo huonyesha madoa ya hudhurungi. Kwa kuwa dawa hiyo ikigandishwa na kuyeyushwa tena na tena huharibika, Mama aliigawa katika vichupa visivyozidi ncha ya kidole, kila kimoja cha kutumika mara moja tu, akaviandika tarehe kwa mkono wake, na ole wake aliyefungua friza ile bila ruhusa.

Mwaka 2021 alianza kupotea njia ya sokoni, na aliyemrudisha nyumbani kila mara alikuwa jirani yake, Mama Njambi mwenye duka, akimpa chai kwanza ili atulie. Ninyi wa ukoo mlikutana tarehe 3 Desemba 2022 mkaamua kwamba chai hiyo ilikuwa na kitu, mkakataza watu kununua dukani kwake, na Dennis huyu anayesoma ndiye aliyemfungia geti, mtu mzima mwenye digrii, na hasira aliyo nayo leo inaanzia kwake mwenyewe. Siku moja akili ilipomrudia, Mama aliwaita wanawe akasema, "Njambi hajanipa kitu. Nikifa, pimeni ubongo wangu kwa ile dawa yangu, halafu msome majibu mbele ya watu."

Aliaga dunia tarehe 2 Juni 2025 katika hospitali ya Plateau, na mkanung'unika kwamba tunakawia kuzika. Tulikuwa tunawasubiri wenzake wa zamani, ambao walitoa kichupa alichokijaza mwenyewe mwaka 2019, mwandiko wake bado unasomeka, wakapima, na madoa yakajaa kioo kizima. Ulikuwa ugonjwa. Tangu mwanzo ulikuwa ugonjwa, na mlimnyanyasa mtu aliyekuwa anamshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa maabara, na majirani wa Kapsoya. Mama Njambi, aliyesimama pale nyuma karibu na masufuria kwa sababu hakuna aliyempa kiti, anaombwa aje mbele, kando ya jeneza, na Mzee Kipkemboi aliyeongoza mkutano ule ampishe kiti chake. Ibada haitaendelea mpaka aketi.

Pumzika sasa, Mama. Majibu yamesomwa.