Bienvenu Niyigena, Baba ya Kamikazi

Bandugu, bajirani, batumishi ba Mungu na bamama ba korali, naomba mutulie, mwenye hana kiti akae chini, vumbi haiue muntu. Mi ni Mutabazi, mujomba wa marehemu, mama yake alikuwa dada yangu, na nusu ya manyumba ya kambi hii ya Dzaleka munayolala ndani nilizijenga na mikono hii. Familia imenichagua kusema historia juu sauti yangu inafika mpaka Dowa bila mikro. Kusoma mi sikusoma, karatasi hii Esperance, muke wa marehemu, njo aliandika, niko naishika kwa heshima tu, maneno yote iko kwa kichwa.

Marehemu Bienvenu Niyigena alizaliwa tarehe 11 mwezi wa sita, mwaka 1990, Bukavu, komine ya Kadutu, mi njo nilikimbia kuita mukunga, motokari zikabaki nyuma yangu, na alipotoka alilia mpaka soko lote la Kadutu likasimama. Bakamuangalia, bakasema ni musichana, bakamupa jina la musichana, na lile jina sitalitaja hapa, juu mwenyewe aliniomba. Alikuwa na miaka tisa, akanikuta napanga matofali, akasema, "Mujomba, mi ni kijana, bale bantu njo balikosea." Nikamujibu, "Basi beba tofali kama kijana." Akabeba mpaka jua likashuka, na mi tangu siku ile sikumuuliza tena.

Shule ya musingi alianza Bukavu mwaka 1997, vita ikatutoa, tukapita Tanzania, tukafika hapa Dzaleka mwezi wa ine 2004, akaendelea kusoma mpaka Form 2, na kwa hesabu mwalimu alikuwa anamungojea yeye kwanza ndipo anaandika kwa ubao. Mwaka 2008 bakamuambia achague, avae sketi ao abaki nyumbani, akabaki nyumbani, akili yote ile, juu ya kitambaa.

Kazi ya kunyoa alianza hapa kambini mwaka 2009, na wembe na kitana, 2013 akafungua saluni yake kule Lilongwe, Chilinde, pembeni ya soko, na banaume ba Chilinde, bale bakali bote munaowajua, bakamuinamishia shingo zao wembe ukiwa mkononi mwake, hakuna mmoja aliyeuliza uyu ni muntu gani. Bateja mia tano kwa siku, mi nilikuwa nabahesabu. Mwaka 2023, wakimbizi tulipoambiwa turudi kambini, akabeba mashini zake na kioo, akarudi kunyoa hapa kwetu.

Tarehe 12 mwezi wa tisa 2015, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Esperance, uyu amekaa hapa na kitambaa cheupe kwa kichwa, nyumbani kwao Kauma, mbele ya bazazi na bazee, nilicheza mpaka viatu vikakatika vyote viwili. Serikali haikubaandika, juu kwa karatasi za ukimbizi Bienvenu alikuwa bado mwanamuke, na hakuna ofisi iliyokubali kugeuza.

Sasa nafika kwa batoto. Jana mchana, kwa kikao cha familia, kaka mukubwa wake marehemu, Apollinaire, mwenye ametoka Nathenje, alisema mstari huu niuruke, niseme marehemu hakuacha mutoto. Bandugu, mi niliruka mto Ruzizi wakati wa mafuriko na mbuzi mbili kwa mgongo, lakini mstari huu siwezi.

Marehemu ameacha mutoto mumoja, Kamikazi, alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 2019, hospitali, Lilongwe. Esperance baganga walikuwa bamemutoa kizazi, hakuweza kubeba, basi Liliane, mudogo wake marehemu, wakati ule hajaolewa, akamuambia Bienvenu, "Kaka, mi nitabeba, we utalea." Mbegu alitoa ndugu yake Esperance, alipopita hapa akienda Afrika Kusini, nesi akasaidia na sirenge, ile bomba ya sindano, hakuna muntu alilala na muntu, na bale banacheka pale nyuma banyamaze, bende kwanza babebee ndugu zao mimba tuone.

Mutoto alipotoka, Bienvenu njo alimupokea, alimuosha, alimufunga mgongoni, akanyoa bateja na mutoto kwa mgongo, Chilinde nzima iliona. Lakini hospitali iliandika mama ni Liliane, pa baba bakaacha bure, bila jina. Bienvenu na Liliane balienda ofisi ya kuandikisha batoto, Lilongwe, balienda tena, mi nilibasindikiza, nikapiga meza ya ile ofisi mpaka vioo vikatetemeka, na mkubwa wa pale akasema, "Kwa karatasi zako we ni mwanamuke, na mutoto uyu mama iko naye tayari, sasa nikuandike nani?" Tukapata avoka, wakili, mama mumoja mwenye roho nzuri, akamuambia ukweli, "Mzee Bienvenu, sheria haijakutana bado na muntu kama we. Nitajaribu. Niletee bantu benye bamekuona ukilea, bantu bengi."

Kisha mwaka 2021, kambini balipokuwa banahakikisha majina ya kila nyumba, Bienvenu akaogopa mutoto atabaki bila karte ya kambi, akakubali aandikwe kwa karte ya Apollinaire, asomeke kama mutoto wa dada yake Liliane. Njo pale kosa liliingia. Apollinaire si muntu mubaya, naye ni mupwa wangu, dosie yake ya kuhamia Kanada imeanza kutembea, mutoto iko ndani ya ile dosie, wakikuta hayuko kwake itaweza kulala, naelewa. Lakini pikapu ile munaisikia inanguruma pale ni yake, begi ya mutoto imepakiwa tangu asubuhi, na Esperance hajui kama leo atarudi nyumbani na mutoto ao peke yake. Ndiyo maana mi pia situlii hapa mbele yenu, mguu mumoja kwa historia, mguu mumoja kwa ile pikapu.

Ugonjwa ulianza mwaka jana, uvimbe kwa kifua, alificha, juu foleni ya kupimwa ilikuwa ya banamuke na yeye hakutaka kusimama mule. Mwezi wa pili bakamulaza hospitali, Lilongwe, kwa wodi ya bamama, akageukia ukuta. Kisha nywele za bamama zikaanza kuanguka juu ya dawa, akaniita, "Mujomba, niletee mashini." Akabanyoa bote, yeye mugonjwa kuliko bote, na kila mama alipokaa kwa kiti chake alimusikia akisema, "Niko na binti, anaitwa Kamikazi." Alifariki Jumanne, tarehe 19 mwezi wa munane 2025, asubuhi, mkono wa Esperance ukiwa ndani ya wake.

Familia inashukuru baganga na manesi ba Lilongwe. Inashukuru bamama ba ile wodi, naona batatu bamefika, zikomo kwambiri. Bajirani nataka kuwashukuru vizuri, si kwa mdomo tu, basi kila mwenye alimuona Bienvenu amebeba mutoto uyu mgongoni, asimame tumushukuru. Simameni, musiogope. Na benye kazi benzake, banyozi ba Chilinde, simameni. Mwenyekiti wa zone, na we ulimuona, ulinyolewa pale pale, simama baba. Angalieni hawa bantu, elfu tano kama si sita. Musikae bado. Esperance, andika majina, mama avoka alisema bengi.

Liliane. We ulibeba, sheria inakujua we peke yako, sisi wengine bote ni kelele tu. Apollinaire ni mukubwa wako, najua unamuogopa, hata jana kwa kikao hukufungua mdomo. Sema leo, mbele ya kaka yako uyu analala hapa.

Anasema. Bale ba nyuma hamusikii, narudia mi: "Tumbo lilikuwa langu, mutoto ni wa Bienvenu na Esperance. Nilimuahidi. Kama ofisi inataka nitie kidole, nitatia, lakini kwa pikapu haingii."

Mumesikia. Apollinaire, mupwa wangu, wewe je? Anaangalia chini. Sawa. Kwa familia yetu mukubwa akiangalia chini mbele ya sanduku la mudogo wake na hasemi hapana, amekubali, na kama hiyo desturi haikuwako, mi njo mujomba, imeanza leo. Jumatatu tutaenda pamoja ofisi, utatoa jina la mutoto kwa karte, na ile dosie yako nitaisukuma mwenyewe mpaka Kanada.

Esperance, mama Kamikazi, mulete mutoto hapa mbele, mushike mkono, atupe udongo wa kwanza, kama mutoto anavyofanya kwa baba yake, sisi wengine tutamufuata.

Bienvenu, pumzika. Kubishana na ofisi utuachie sisi.