Sista Felicitas na Mimba Zabibu ya Tandika

Tarehe 30 Juni 1997 Sista Felicitas Kajumulo anastaafu, baada ya kuwazalisha wanawake wa Temeke kwa miaka thelathini na mmoja. Wodi ya wazazi haijui icheke au ilie.

Alifika kutoka Bukoba akiwa binti mwembamba anayelalamikia joto. Maisha yalipobana miaka ya themanini alifuga kuku wa mayai nyumbani kwake Mtoni. Siku pekee aliyowahi kuchelewa kazini, kuku walikuwa wameugua.

Lakini tutakalolisimulia zaidi ni la mwaka 1993. Mwanabaraka, muuza vitenge wa Tandika, aliletwa akivuja damu. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu, tumbo kubwa kama la mitano. Ndani hapakuwa na mtoto, ila malengelenge tele kama vichala vya zabibu. Alisafishwa salama. Hata hivyo mama mkwe wake, Bi Tabu, alishakata shauri: hiyo ni mimba ya jini, na mwanawe Twalib atoe talaka.

Siku hizohizo Daktari Revelian alikuwa amerudi kutoka masomoni na habari mpya, na Sista alimng'ang'ania mpaka akazielewa. Kumbe vinasaba vya mama hutiwa alama zake yai linapopevuka, na vya baba vina alama zake. Alama hizo huamua kipi kifanye kazi na kipi kinyamaze. Vya baba hukazana kukuza kondo la nyuma. Vya mama hulidhibiti, mtoto akapata kuumbika. Yai likipoteza vinasaba vyake, vya baba hubaki vyenyewe, na kondo hukua ovyo bila mtoto.

Sista alitoka kwa daktari karibu anakimbia. Akamketisha Bi Tabu kando ya kitanda cha mkwewe, Twalib akiwa amesimama pembeni.

"Shikamoo mama. Yai hili lilikuwa tupu. Vyote vilivyoota humo vimetoka kwa baba."

Bi Tabu akamgeukia Twalib. "Kwa hiyo jini ni huyu wangu?"

Mwanabaraka alicheka mpaka akashika tumbo.

"Hakuna jini wala mkosaji," Sista akasema. "Mtoto anataka alama za wote wawili, na safari hii za mama zilikosekana. Mwacheni apone. Tutampima mkojo mwaka mzima kuhakikisha hakuna mabaki yanayoota tena, kisha wajaribu tena."

Talaka haikutoka. Mwanabaraka alipokosa kliniki, Sista alimfuata sokoni, mbele ya wateja wake. Mwaka 1995 akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti kali, na sie tuliokuwepo tukamwona Sista akilia kwa mara ya kwanza. Leo Bi Tabu ndiye anayewaleta kliniki wanawake wa mtaani kwake, akiwaeleza habari za alama kwa sauti inayofika wodi ya wanaume.

Sista, unahamia Goba kwenye nyumba uliyoijenga taratibu. Kwa niaba yetu sisi wauguzi uliotulea, na ya watoto uliowapokea, asante sana. Mungu akujalie afya na mapumziko marefu. Ukituona tunapanda kilima kuja kwako, usishangae. Bado tuna mengi ya kukuuliza.